Sura ya Tano: Muhuri Si Shahidi

Habari za Godefroid Munongo hazitafutwi kwa taa. Mwanafunzi wa Kasapa mwenye simu na mega chache anazipata kabla mhadhara haujaanza: alizaliwa Bunkeya tarehe 20 Novemba 1925, alikuwa waziri wa mambo ya ndani wa Katanga iliyojitenga, mwaka 1976 akatawazwa Mwami, yaani mfalme, wa Bayeke, akafia Kinshasa tarehe 28 Mei 1992. Ndivyo ilivyo kamusi elezo ya mtandaoni. Inampa mtu maisha mazima kwa mistari michache, na penye mkia wa kila mstari panakaa kinamba cha buluu kinachoahidi kwamba yupo mtu mahali fulani aliyehakikisha. Sura hii inahusu kinamba hicho.

Nimemchagua Munongo kwa kuwa maisha yake yana karibu kila mtego unaomsubiri mtu anayekagua wasifu: jina linalorithiwa, mkoa uliogawanywa, ukoo wenye vitabu vyake wenyewe, tukio moja lililoandikwa uongo kwa karatasi rasmi, na kifo kilichotokea wakati watu wanamsubiri azungumze. Tena ni mtu wa huku kwetu. Kwa msomaji asiyeijua Lubumbashi, Kasapa ni upande wa mji wenye kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, UNILU, na wenye gereza kuu pia, hata mtu akikuambia kijana wake yuko Kasapa inabidi uulize kwa adabu yuko upande upi. Ukiitafuta Kasapa mtandaoni bila kutaja mji, utaletewa na kampuni ya simu iliyowahi kufanya kazi Ghana kwa jina hilohilo. Mashine hutafuta herufi. Kujua ni Kasapa ipi ni kazi ya mtu.

Tuanze na mahali, maana hapo ndipo makosa mepesi yanapojificha. Kwenye kisanduku cha juu cha wasifu utakuta mara nyingi mahali pa kuzaliwa pameandikwa mji, mkoa na nchi kama zilivyo leo. Sasa, mwaka 1925 nchi iliitwa Congo ya Kibelgiji. Ilipopata uhuru ikawa Jamhuri ya Congo, tarehe 27 Oktoba 1971 ikawa Zaire, na mwaka 1997 ikarudia jina la Congo. Katanga nayo iliitwa Shaba enzi za Zaire, ikarudishiwa jina lake, kisha mwaka 2015 ikakatwa mikoa minne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Watu wengi, kwa kuwa Bayeke wametajwa siku zote pamoja na Lubumbashi, huiweka Bunkeya Haut-Katanga. Bunkeya iko Lualaba. Na mji wenyewe wa Lubumbashi uliitwa Élisabethville hadi mwaka 1966, kama Likasi ilivyokuwa Jadotville. Basi ukisoma kwamba fulani “alifika Lubumbashi mwaka 1938”, mwandishi hajadanganya, lakini amekufungia mlango wa nyaraka: hakuna faili la mwaka ule litakalopatikana kwa jina la Lubumbashi.

Chuo chenyewe kina mkasa huohuo. Kilifunguliwa mwaka 1956 kikiwa chuo rasmi cha Congo ya Kibelgiji na Ruanda-Urundi, mwaka 1971 kikamezwa na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire kama kampasi yake ya Lubumbashi, na kikapata uhuru wake tena mwaka 1981 kwa jina la sasa. Wasifu unaosema mtu alipata shahada “UNILU, 1975” umenakiliwa kutoka kwenye barua ya maombi ya kazi au umeandikwa na mtu aliyezaliwa baadaye. Diploma ya mwaka ule ina jina jingine juu yake.

Majina ya watu ndiyo magumu zaidi. Mwaka 1972 Rais Mobutu aliamuru majina ya Kikristo yaachwe, na kizazi kizima kikawa na watu wawili katika karatasi: wa kabla na wa baada. Valentin-Yves Mudimbe, mwanafalsafa aliyezaliwa Jadotville mwaka 1941 na kufundisha hapa miaka ya 1970, akawa Vumbi Yoka Mudimbe. Alichagua majina yaliyolinda herufi zake mbili za mwanzo, na mpaka alipofariki Aprili 2025 dunia ilimsoma kwa V. Y. tu. Si kila mtu alikuwa na akili hiyo. Ukimtafuta mwalimu au mchimba madini wa wakati ule kwa jina la ubatizo pekee, utakuta maisha yake yamekatika mwaka 1972 kana kwamba alihama nchi.

Kwa Munongo tatizo limegeuka upande. Kwake jina halikubadilika tu, limerithiwa. Mwami wa Bunkeya tangu mwaka 1997 naye anaitwa Godefroid Munongo. Picha ya mmoja kuwekwa kwenye ukurasa wa mwingine ni kosa la sekunde mbili, na likishanakiliwa na mashine za kutafuta, kulifuta ni kazi ya miezi. Anayekagua wasifu wa aina hii aanze na swali ambalo kwenye kilio tunaulizana bila haya: huyu ni wa mama yupi, wa mwaka gani?

Tukija kwenye ukoo, Munongo anatajwa kila mahali kuwa wa uzao wa M'siri, mfalme wa Garenganze, ufalme wa Bayeke, aliyeuawa Bunkeya tarehe 20 Desemba 1891. Bofya vinamba vya habari za kifo cha M'siri na utakuta tanbihi nyingi: kitabu cha historia ya Katanga, kingine cha wapelelezi wa Afrika, makala ya gazeti la Uingereza, tovuti ya utalii. Zinapendeza kwa wingi wake. Zifuatilie mojamoja hadi chini. Utaona karibu zote zinaishia kwenye msafara uleule, ule wa Kapteni William Stairs, aliyetumwa na kampuni ya Katanga kwa niaba ya Leopold II. Mmoja wa Wazungu wa msafara, Omer Bodson, ndiye aliyempiga M'siri risasi, naye akapigwa na kufa. Stairs alikufa njiani akirudi mwaka 1892. Daktari wa msafara, Joseph Moloney, akatoa kitabu mwaka 1893. Masimulizi ya Mfaransa Christian de Bonchamps, mwanamsafara mwingine, nayo yalichapishwa Paris, na humo ndimo ilimo habari ya kichwa cha mfalme kukatwa na kutundikwa. Vinamba kumi, msafara mmoja. Na msafara huo ulikuwa na kila sababu ya kusimulia kwamba risasi ile haikukwepeka.

Hapa wanafunzi hukosea kwa namna mbili. Wa kwanza huhesabu tanbihi na kuridhika. Wa pili, akishagundua kwamba wote wanatoka chungu kimoja, hutupa chungu kizima. Hakuna haja. Moloney alikuwa Bunkeya. Alichokiona kwa macho yake ni ushahidi, hata kama sababu anazozitoa ni utetezi. Kinachotakiwa ni kumtafuta shahidi wa upande wa pili, na katika habari hii yupo. Mwaka 1967 kituo cha utafiti kilichokuwa hapa Lubumbashi kilichapisha kurasa za historia ya Bayeke zilizokusanywa na Mwami Antoine Munongo, aliyetawala kabla ya Godefroid. Ndani yake yamo masimulizi ya Mukanda Bantu, mwana wa M'siri aliyemrithi. Nayo ni maneno ya mwenye maslahi: Mukanda Bantu alikalia kiti kwa kukubaliana na waliomuua baba yake. Lakini sasa una watu wawili wenye maslahi yanayogongana, na pale wanapokubaliana unaweza kuandika bila kutetemeka. Upo upande wa tatu usiosikika: wapagazi na askari ambao Stairs aliwaajiri Zanzibar, watu wa Kiswahili, waliokuwapo kwa mamia. Walirudi pwani na walichokiona. Kamusi elezo haina kinamba cha kuwawekea.

Tumefika kwenye kiini. Tarehe 17 Januari 1961, jioni, Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito walishushwa kwenye ndege uwanja wa Luano, hapa Élisabethville. Tarehe 10 Februari serikali ya Katanga ilitangaza kwamba wametoroka walipokuwa wamefungwa. Tarehe 13 Februari Munongo, akiwa waziri wa mambo ya ndani, aliwaita waandishi wa habari akawaambia wafungwa wameuawa na wanakijiji. Palikuwa na cheti cha kifo, kimetiwa saini na daktari Mbelgiji, kikisema wamekufa porini.

Fikiria mtu anayekagua wasifu wa Lumumba mwezi Machi 1961 kwa kanuni tunazofundishana leo. Chanzo cha kwanza: tamko la waziri, mbele ya mashahidi, limechapishwa. Chanzo cha pili: hati ya daktari. Chanzo cha tatu: magazeti ya nchi kadhaa yaliyonukuu vyote viwili. Kila kisanduku kimejazwa, na kila kitu ni uongo. Lumumba alikuwa ameuawa kwa risasi usiku uleule wa 17 Januari, karibu wiki nne kabla ya cheti.

Ukweli ulichukua njia ndefu, na urefu huo wenyewe unafundisha kuliko kanuni. Tume ya Umoja wa Mataifa, katika ripoti ya Novemba 1961, ilikataa hadithi ya wanakijiji na kusema dalili zote zinaelekeza kwamba wafungwa waliuawa 17 Januari, karibu na Élisabethville, mbele ya wakubwa wa Katanga. Halafu kimya, au tuseme vitabu vingi vilivyosomwa na wachache. Mwaka 1999 Mbelgiji Ludo De Witte alitoa kitabu kilichochimba nyaraka za Brussels na za Umoja wa Mataifa. Kikawasha moto mpaka bunge la Ubelgiji likaunda tume yake. Gerard Soete, aliyekuwa afisa wa polisi wa Kibelgiji hapa, alikiri hadharani jinsi alivyoziharibu maiti. Ripoti ya tume ya bunge, Novemba 2001, iliweka mauaji kwenye saa nne kasorobo usiku, ikataja mawaziri wa Katanga waliokuwapo, Munongo akiwa mmoja wao, na Wabelgiji waliokuwapo pia. Juni 2022 jino lililobaki la Lumumba lilikabidhiwa familia yake Brussels na kuzikwa Kinshasa.

Sasa turudi kwenye wasifu wa Munongo. Sentensi “alitangaza kifo cha Lumumba tarehe 13 Februari 1961” inahitaji chanzo cha wakati huo, na gazeti lolote la wiki ile linatosha, kwa kuwa linathibitisha kwamba alisema. Sentensi “alikuwapo Lumumba alipouawa” inahitaji kitu kingine kabisa: ripoti ya 2001, ikitajwa kwa jina ndani ya sentensi, siyo kwenye tanbihi tu. Gazeti la 1961 ni shahidi mzuri wa kilichosemwa na shahidi mbovu wa kilichotendeka. Ripoti ya miaka arobaini baadaye ni dhaifu katika kumbukumbu za watu, maana wengi walikuwa wamekufa, lakini ina nyaraka ambazo mwandishi wa 1961 hakuziona. Nadhani tumezoea mno kuuliza kama chanzo “kinaaminika”, kana kwamba uaminifu ni cheo ambacho gazeti hupewa na kubaki nacho. Kinaaminika kwa lipi? Nani kati ya waliokitengeneza alikuwa karibu, na alikuwa anajitetea dhidi ya nani?

Muhuri unathibitisha kwamba ofisi ilikuwapo na wino ulikuwapo.

Kuhusu kifo chake mwenyewe, utasoma karibu kila mahali kwamba Munongo alikufa kwa moyo siku aliyokuwa azungumze katika Mkutano Mkuu wa Taifa juu ya kifo cha Lumumba. Hii ni sentensi tamu, na utamu ni sababu ya kuipunguzia mwendo. Ndani yake mna mambo manne: tarehe, mahali, sababu ya kifo, na mpango wa hotuba. Tarehe na mahali vina magazeti ya siku zile. Sababu ya kifo ni kauli ya mtu, daktari au familia, na iandikwe hivyo. Mpango wa hotuba ni ratiba, na ratiba ya mkutano ni karatasi inayoweza kutafutwa. Ukikuta tanbihi moja imewekwa mwishoni mwa sentensi yenye yote manne, usidhani imebeba yote. Mara nyingi imebeba tarehe tu, na hayo mengine yamepanda gari bila tiketi.

Uko uongo wa aina nyingine ambao haukuhitaji waziri. Februari 2009 mtu asiyejulikana aliongeza jina “Wilhelm” katika orodha ndefu ya majina ya Karl-Theodor zu Guttenberg kwenye Wikipedia ya Kijerumani, usiku mmoja kabla bwana huyo hajatangazwa kuwa waziri wa uchumi. Magazeti makubwa ya Ujerumani yakalinakili. Mhariri wa kamusi alipohoji jina hilo, akaonyeshwa gazeti kama uthibitisho. Kamusi ikathibitishwa na gazeti, gazeti likiwa limethibitishwa na kamusi. Mwezi uliofuata, alipofariki mtunzi wa muziki Maurice Jarre, mwanafunzi wa Dublin alimtungia maneno ya huzuni akayaweka kwenye ukurasa wake. Tanzia za magazeti ya nje ya nchi zikayachapisha. Kwenye kamusi maneno hayo yaliondolewa mara kadhaa na wahariri, kwa sababu hakuweka chanzo. Magazeti hayakuwa na wahariri wa namna hiyo siku ile.

Dawa ya mzunguko huu ni rahisi na haigharimu mega nyingi, kwa kuwa kurasa za maandishi ni nyepesi hata kwa intaneti ya Kasapa inapokuja na kuondoka na umeme. Kila makala ya Wikipedia ina historia yake: kila badiliko, tarehe, saa. Tafuta siku ambayo dai liliingia. Kisha tazama tarehe ya chanzo kilichotajwa. Chanzo kikiwa kimezaliwa baada ya dai, usikihesabu mpaka kikuonyeshe kilikolitoa. Kwa wasifu wa watu wa Katanga ukaguzi huu unafaa sana, kwa sababu vitabu na tasnifu za miaka ya karibuni hunakili kamusi elezo bila kuitaja, halafu kamusi huvitaja vitabu hivyo. Nimeona tarehe ya kuzaliwa ya mwanasiasa wa miaka ya 1960 ikizunguka hivi katika lugha tatu. Ukitaka kutoka nje ya duara, nenda nyuma ya intaneti yenyewe: kamusi ya viongozi wa Congo ya Pierre Artigue iliyotoka Brussels wakati wa uhuru, majalada ya kila mwaka ya CRISP, kituo cha utafiti cha Brussels, magazeti kama L'Essor du Congo lililochapwa mji huu, na daftari la ubatizo la parokia, kama padri atakubali kulifungua.

Kwa watu waliozaliwa kabla ya daftari, andika “karibu”. M'siri alizaliwa karibu 1830. Anayetaka mwezi na siku anataka kudanganywa.

Idadi nazo zina ukoo. Usiku wa 11 kuamkia 12 Mei 1990 wanafunzi walishambuliwa kwenye mabweni ya kampasi hii hii ya Kasapa. Serikali ya Mobutu ilikana, kisha ikakubali kifo kimoja. Mashirika ya haki za binadamu, magazeti ya nje na walionusurika wametoa hesabu za makumi, na nyingine za mamia. Ubelgiji ilisimamisha ushirikiano wake. Kila mara anapotokea mtu mwema mwenye kutaka ukurasa uwe safi, huchagua namba moja, au, vibaya zaidi, hutafuta ya katikati. Hesabu ya katikati haikuhesabiwa na mtu yeyote. Katika wasifu wa gavana, wa mkuu wa chuo, wa mwanafunzi aliyekuja kuwa mbunge, iandikwe namba pamoja na aliyeitoa na mwaka alioitoa, ziwe mbili au tatu, na msomaji aachiwe uzito wake. Ukurasa utakuwa na sura mbaya. Na iwe hivyo. Tukio lenyewe halikuwahi kuhesabiwa kwa haki.

Ndipo linapokuja lile ambalo hunifanya nigombane na kanuni ninazozifundisha. Kamusi elezo haipokei utafiti wako mwenyewe. Huwezi kumhoji mzee wa mtaa wa Kenya au Katuba, hapa Lubumbashi, leo, kesho ukaandika alichokuambia. Kanuni hiyo ina sababu njema: bila hiyo kila mpwa angeandika kwamba mjomba wake ndiye aliyeukomboa mji. Lakini mji huu umejiandika kidogo sana. Kampuni ya Union Minière iliandika, kanisa liliandika, utawala uliandika. Wafanyakazi, watumishi wa nyumbani, wake wa wachimbaji, walisema, tena kwa Kiswahili, na wengi wamekwisha kuzikwa.

Walioelewa hili mapema walikuwa hapahapa kampasi. Mradi wa Kumbukumbu za Lubumbashi, ulioanza mwaka 2000 chini ya wanahistoria Bogumil Jewsiewicki na Donatien Dibwe dia Mwembu, ulikusanya masimulizi ya maisha ya watu wa mji, na Dibwe akaandika jinsi ya kuitumia njia ya Jan Vansina ya mapokeo simulizi katika mji wa viwanda. Thamani yake kwa mkaguzi wa wasifu ni hii: mahojiano yakishawekewa tarehe, mahali na jina la aliyehoji, yakachapishwa, yanageuka chanzo. Mzee yuleyule, maneno yaleyale, ila sasa kuna ukurasa wa kuutaja.

Na kuhoji kuna ufundi wake. Ukimwuliza mzee “Papa, ulizaliwa tarehe ngapi?” atakupa tarehe iliyoandikwa kwenye kitambulisho chake, ambayo huenda karani aliikisia. Muulize hivi: “Papa, wakati ba-ONU balifikaka, ulikuwa unatumika wapi?” Hapo atakumbuka jina la kapita, nyumba aliyokuwa amepewa, mtoto aliyekuwa mgongoni kwa mama. Mji una misumari yake ya kutundikia umri: mgomo wa wafanyakazi wa Union Minière uliozimwa kwa risasi tarehe 9 Desemba 1941, kujitenga kwa Katanga Julai 1960, kampuni kutaifishwa 1967, vita vya Shaba 1977 na 1978. Ukiwa na misumari miwili, mwaka wa kuzaliwa unaupata ndani ya miaka miwili mitatu, na utaandika “karibu” ukijua kwa nini.

Mfano wa nini kinawezekana ulitolewa miaka ya nyuma zaidi. Mwaka 1965 André Yav aliandika, kwa ajili ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani, historia ya Élisabethville kwa Kiswahili cha mji huu, ikazungushwa kama kijitabu cha mashine ya kurudufu. Kingepotea. Johannes Fabian, aliyefundisha hapa miaka ya 1970, akakichapisha mwaka 1990 pamoja na tafsiri na maelezo. Usikitumie kwa tarehe za wafalme wa Ubelgiji. Kitumie kwa kile ambacho hakuna mwingine aliyekiandika: watumishi waliwaitaje mabwana wao, waliamini nini juu yao, walilipwa vipi. Fabian huyohuyo mwaka 1973 na 1974 alikaa na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, mtoto wa mji huu aliyejiita mwanahistoria, akanunua picha zake zipatazo mia moja za historia ya nchi na kurekodi maelezo yake kwa Kiswahili, picha moja baada ya nyingine. Kifo cha Lumumba kimo. Kitabu kilitoka mwaka 1996, na maandishi ya mazungumzo yanapatikana kwa yeyote anayesoma Kiswahili chetu.

Basi chukua wasifu wa Tshibumba. Kuzaliwa 1947, Élisabethville: sawa. Kazi yake ina ushahidi wa sauti yake mwenyewe, jambo ambalo Munongo, pamoja na ofisi zake zote, hana kwa kiasi hicho. Halafu unafika kwenye mwaka wa kifo. Habari zake zinakatika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wengi hutaja 1981. Katika orodha kadhaa za makumbusho mwaka huo umewekwa baada ya kistari, 1947–1981, kana kwamba kuna aliyemzika. Kutoka hapo mashine huuchukua na kuujaza kwenye kisanduku cha “alifariki”, na umri wake hukokotolewa: miaka 34. Anayeukagua ukurasa afute umri huo kwanza, kwa sababu hakuna aliyeupima. Kisha aondoe mwaka kwenye kisanduku, akiache wazi, na aandike ndani ya makala kwamba alitoweka, akitaja chanzo cha mwisho kinachomtaja akiwa hai na mwaka wake. Na kwenye ukurasa wa majadiliano aeleze kwa nini kisanduku kiko wazi, maana wiki ijayo atakuja mtu mwenye nia njema kukijaza.